Bado Hajajua

Jumatatu, 9 Desemba

Leo bosi wangu Raed amenipa video sitini na mbili za wanyama wakipigwa mishale. Ndiyo kazi yangu hadi Ramadhani: kutia maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Duka letu hapa Al Quoz, Dubai, linauza pinde, na baadhi ya wateja husafiri kwenda kuwinda Tanzania. Wasasi wanaowaongoza porini wanataka somo kwa lugha yao. "Wewe una digrii ya lugha," Raed aliniambia, "yalla, ifanyie kazi."

Somo linahusu jinsi mnyama anavyoujibu mshale. Hakuna anayeonyeshwa akifa. Kila video ni sekunde kumi: uzi wa upinde unalia, mnyama anajibu, anatoka kwenye picha. Kwa sekunde hizo msasi ajue mshale umeingia wapi, kwa sababu mnyama wa mshale haanguki pale pale kama wa bunduki. Anaondoka na jeraha lake, na wewe unabaki na ulichokiona.

Kwetu Malindi uwindaji ni marufuku, na baba yangu ni seremala. Sijawahi kutazama hata kuku akichinjwa bila kugeuza uso. Leo nimetazama kumi na moja.

Alhamisi, 12 Desemba

Mnyama wa kwenye video ana pembe za matawi. Kamusi inasema kulungu, lakini kulungu ninayemjua mimi hana pembe hizo. Raed amenipa namba ya Mzee Ibra, msasi wa miaka mingi huko Tanga, nikampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona picha yako. Huyo mwenye pembe kama mti mkavu kwetu hayuko. Mwite paa tu, afe kwa jina letu."

Basi ni paa. Amenifundisha mengi kwa nusu saa. Paa aliyepigwa moyoni huruka na kurusha miguu ya nyuma kama punda, halafu hukimbia tumbo karibu liguse majani. Aliyepigwa mapafuni hutoka mbio vilevile, ila hafiki mbali. Aliyekoswa hukimbia mkia juu, kisha husimama na kugeuka kukutazama, kama anayeuliza una shida gani. Aliyepigwa tumboni hapigi kelele wala haruki. Hujikunja mgongo na kuondoka polepole, mkia chini.

"Huyo wa tumboni," alisema, "ndiye atakayekuliza."

Jumapili, 15 Desemba

Kaka Munir amekuja kula, kama kila Jumapili. Anafunga makabati ya jikoni kwenye majengo mapya ya Al Jaddaf, na mikono yake hunuka gundi hata akinawa mara tatu. Caren, ninayeishi naye chumba kimoja hapa International City, hamwachi.

"Munir, siku ukioa utapeleka mahari ama kabati?"

"Kabati. Nikufungie humo wewe na huo mdomo wako."

"Aki, bora liwe na AC."

Caren ni mlinzi katika duka kubwa, anasimama saa kumi na mbili kwa siku, na bado anarudi na nguvu za kutania.

Munir alikula, akauliza kama mvua imenyesha Malindi, kama mkwaju wa uani umekatwa, kama paka bado yupo. Hakuuliza habari za baba. Huu mwaka wa tatu. Mama alipofariki, baba alikaa miezi saba akamwoa Bi Joha, na siku ya nikahi Munir alikataa kumpa mkono mbele ya wazee wa mtaa mzima. Baba akasema, kila mtu akisikia: "Sina radhi nawe mpaka urudi uushike mkono huu." Wiki ya pili Munir alikuwa Dubai. Mimi nilimfuata mwaka uliofuata, nikiwa na radhi zangu zote.

Namtazama akila na nasema moyoni: huyu hakuguswa. Mkia juu.

Jumanne, 17 Desemba

Ukungu. Basi la kwenda metro limechelewa. Paa tisa.

Ijumaa, 20 Desemba

Baba hunitumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa baada ya sala. Wa leo una kikohozi kingi. Nyuma nimemsikia Bi Joha akisema akae, asizungumze huku kashika ukuta. Nauandika kama nilivyousikia.

"Rumaisa, mwanangu. Sikiliza. Radhi ya nduguyo ninayo, sikumnyima. Nilisema kwa hasira, na hasira ina haya ya kurudi. Mwambie ile patasi aliyoivunja akaificha, nimeitia mpini mpya. La. Usimwambie. Nyumba anaijua ilipo. Aje mwenyewe."

Nimeusikiliza mara nne. Kisha nimeufuta, kwa sababu Munir huchukua simu yangu kutazama picha za nyumbani, na baba amesema asijue.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini hapa siandikii mtu, basi niandike na nyingine: nilipenda kuwa mimi peke yangu ninayejua. Kwa miaka mitatu nimekuwa mtoto pekee wa baba, na sikuchukia.

Jumapili, 22 Desemba

Munir ana likizo Februari. Anasema huenda akafika nyumbani, "nikipata nafasi." Kisha, akitafuna, bila kuniangalia:

"Mzee ameinama siku hizi?"

"Nani?"

"Baba. Ameinama, au bado ananipita urefu?"

Maneno ya kwanza juu ya baba kwa miaka mitatu, na ni kuuliza kama uzee umemvunja! Nilimjibu kwa ukali: "Baba hajamwinamia mtu. Yuko vilevile ulivyomwacha."

"Vilevile?"

"Vilevile."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeweka hesabu ya mbao, akaomba chai.

Jumatatu, 30 Desemba

Leo kuna paa aliyenishinda. Uzi unalia, mshale unampita katikati ya mbavu na kuchoma ardhi upande wa pili, naye anainua kichwa, anasikiliza, anarudi kula majani. Sekunde nane nzima anakula. Niliandika "amekoswa." Raed akapita nyuma yangu, akacheka.

"Khalas, huyo amekufa. Kisu cha mshale kikiwa kikali sana, mwili hauambiwi."

Nikampigia Mzee Ibra kuuliza neno. Alifikiri kidogo.

"Neno hatuna. Tunasema tu: bado hajajua."

Ndivyo nilivyoandika chini ya picha. *Bado hajajua.* Nimekaa nayo siku nzima. Kwetu hayo ni maneno ya msibani. Mtu akifiwa naye yuko mbali, watu wa nyumbani huulizana kwa sauti ya chini, "Ameshajua?" na mmoja hujibu, "Bado hajajua." Na muda wote huo mwenyewe yuko sokoni anachagua nyanya.

Jumatano, 1 Januari

Caren alifanya kazi hadi asubuhi kwa ajili ya fataki za watu. Amelala na viatu.

Ijumaa, 10 Januari

Baba amekufa jana alfajiri. Naandika leo kwa sababu jana mkono haukuweza.

Ami Mundhir, mdogo wake baba, alinipigia saa mbili asubuhi, nikiwa nafungua kompyuta. Aliniambia mimi moja kwa moja. Kisha akasema: "Nduguyo bado hajajua. Asijue kwa simu. Nenda wewe, uso kwa uso. Anza na ugonjwa, umshushe polepole. Tunazika adhuhuri, hamtawahi, msijitese." Nikasema ndiyo ami, ndiyo ami. Nakumbuka nilihifadhi kazi kabla ya kufunga kompyuta. Namba ya paa ilikuwa arobaini na saba.

Al Jaddaf niliambiwa Munir yuko ghorofa ya kumi na nne, akaitwa. Alishuka na vumbi la mbao kwenye nyusi, ananicheka kwa mbali. "Wewe! Umefukuzwa kazi?"

"Baba mgonjwa, kaka."

Cheko likasimama. "Mgonjwa vipi?"

"Sana."

Akanitazama. Naye kazaliwa Malindi, anaijua ngazi ile na anajua inashukia wapi. "Sema yote, Ruma."

"Tumshukuru Mungu."

Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," sauti ya kawaida kabisa. Akauliza wanazika saa ngapi, nikamwambia. Akatazama saa yake. Kisha akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. "Kula," akasema. "Nimeacha mlango wa kabati unaning'inia, utamwangukia mtu." Akaingia kwenye lifti.

Nilisimama kwenye lile vumbi, na nilichokiona mbele yangu ni paa anayerudi kula majani. Siku kumi nzima nilikuwa na maandishi yake. Niliyaandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Na bado nikasema: amekoswa, huyu hakuguswa, hana moyo.

Nikamfuata. Jikoni alikuwa amepiga goti, anakaza bawaba, na mafundi wengine watatu wamesimama. Huenda alikuwa amewaambia, kwa sababu walikuwa kimya na mmoja alikuwa ameshika kofia mkononi. Sikujali. Nilisema kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima:

"Baba amekufa na radhi yako kafa nayo! Na wewe unafunga bawaba!"

Nilijua si kweli. Lazima niandike hivi na nisiandike vingine. Wakati maneno yanatoka nilikuwa nikiisikia sauti ya baba, kikohozi, *radhi ninayo, sikumnyima*, na nikasema kinyume chake, kwa sababu nilitaka aruke. Nilitaka kuona mahali mshale ulipoingia.

Hakuruka. Aliitazama bisibisi. Akasema, "Ndiyo," kama anayekubali kipimo. Akaiweka chini taratibu, akainuka, lakini mgongo wake haukuinuka naye. Akatoka kwa ngazi, polepole, amejikunja. Ghorofa kumi na nne kwa miguu.

Jumapili, 12 Januari

Nimepika. Hakuja. Simu imezimwa.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Maji yamejaa njia ya basi. Paa wa hamsini na mbili hadi wa hamsini na tano.

Jumapili, 19 Januari

Mwenzake wa chumbani anasema Munir amehama, ameomba kulala kambi ya kampuni. Kambi ipi, hajui. Likizo ya Februari ameifuta.

Jumapili, 26 Januari

Caren aliifunika sufuria ya wali niliopika kwa mtu asiyekuja, akakaa kitandani kwangu.

"Ruma, ulimwambia nini huyo ndugu yako?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ujumbe wa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

"Ngoja. Baba yenu alimsamehe. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na ukamwambia hakumsamehe."

"Ndiyo."

"Wueh. Sisi kwetu hatuna hiyo maneno ya radhi hivyo. Lakini hata mimi hiyo imenichoma."

Nilimweleza kanuni ya paa wa tumboni: usimfuate. Ukimfuata mapema anainuka na kwenda mbali zaidi, na humpati tena. Unamwacha kwa muda wa saa kumi, kumi na mbili, mpaka alale. Nikasema nampa muda.

"Wewe humpi muda," Caren alisema. "Wewe unamwogopa."

Jumanne, 4 Februari

Nimemaliza video ya sitini na mbili. Nilipompigia Mzee Ibra kumshukuru, nikamuuliza, kama jambo la kazi tu: baada ya kupiga vibaya, msasi anangoja wapi?

"Anangoja pale pale alipopigia, mwanangu. Harudi kambini kunywa chai. Kungoja si mapumziko, kungoja ni adhabu ya aliyepiga vibaya. Anakaa na macho yake mahali mnyama alipopotelea. Akizubaa, mahali pale panampotea, na hapo ameshamuua bure."

"Na akimpata, mzee?"

"Akimpata ampate. Lakini asidhani mnyama atafurahi kumwona."

Kesho naanza kuulizia kambi, moja baada ya moja.

Ijumaa, 28 Februari

Daftari limerudi leo. Wiki hizi mbili sikuwa nalo, na sasa niandike lilikokuwa.

Nilimpata Jumapili ya tarehe 16, Al Quoz, mitaa minne tu kutoka dukani kwetu. Wiki zote zile nilikuwa nikipita na basi mbele ya lango lake. Mlinzi wa getini, Dancan, ni mtu wa kanisani kwa Caren. Aliniruhusu kukaa kwenye benchi la kivulini. Nilikaa kuanzia saa nne. Munir alitokea baada ya adhuhuri na ndoo ya nguo. Amekonda hadi shingo imekuwa ndefu. Aliniona, na kwa muda mfupi nilidhani atarudi ndani. Akaja, akakaa mwisho mwingine wa benchi, ndoo katikati yetu.

"Kaka, nilisema uongo siku ile. Baba alikupa radhi. Alinitumia sauti."

"Nipe niisikie."

"Niliifuta."

Akatabasamu, na tabasamu lile sitalisahau, kwa sababu lilikuwa la huruma. "Ruma. Umekuja kunituliza. Ahsante. Lakini usimsemee maiti."

Ndipo nilipojua nilichokifanya, chote, mpaka chini. Nilipodanganya aliniamini bila kusita, na sasa nilipokuwa na kweli, kweli yangu ilikuwa na sura ya faraja. Nikatoa daftari hili, nikafungua tarehe 20 Desemba, nikamsomea. Alisikiliza huku anakamua shati. Nilipofika kwenye patasi, mkono ukasimama.

"Rudia."

"'Ile patasi aliyoivunja akaificha, nimeitia mpini mpya.' Mimi sijui ni patasi gani, kaka."

"Huwezi kujua. Ulikuwa hujazaliwa." Maji yalikuwa yakimtiririka kiwikoni. "Niliizika chini ya mkwaju. Nilikuwa na miaka saba. Sikumwambia mtu, hata mama." Kisha akasema, kwa sauti ya yule mtoto wa miaka saba, "Alikuwa anajua? Miaka yote alikuwa anajua?"

Akainama juu ya ndoo akalia. Alilia kwa mwili wote, miguu ikipiga sakafu. Sikumgusa. Dancan aligeuka akatazama barabara.

Alipotulia akanyoosha mkono. Nilidhani ananipa mimi. Alikuwa anataka daftari. Akaendelea kusoma pale nilipoishia, na sikuweza kumzuia. Alisoma kwa nini niliifuta ile sauti. Akafunua ukurasa, akasoma swali lake la urefu wa baba. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na bakora ya kutembelea. Ya mbao ya msaji, imepigwa msasa hadi inang'aa, kichwa chake kimechongwa kutosha kiganja kimoja tu duniani. Akaisimamisha mbele yangu. Ilikuwa ya mtu mrefu asiyeinama.

"Niliikata kwa kipimo chako," alisema. "Na yeye alikuwa akitembea kwa kushika ukuta."

Akafunua tena, akafika tarehe 10 Januari. Aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alipomaliza akauliza jambo moja.

"Pale ghorofani. Wakati unasema. Ulikuwa unajua?"

Imeandikwa, ameisoma, lakini alitaka niitoe kwa mdomo uleule.

"Nilijua."

Akafunga daftari, akalitia kwapani, akachukua ndoo na bakora, akaingia ndani. Wima. Mgongo ulikuwa umenyooka. Hilo nililiona vizuri: anaondoka kwangu, na mgongo umenyooka.

Leo watu wanangoja mwezi. Simu yangu haitulii tangu asubuhi, shangazi na binamu na watu niliosoma nao, wote wananiandikia tusameheane kabla ya mfungo. Caren anashangaa. "Nyinyi mnaomba msamaha kwa forward?" Amepika chapati za vunja jungu ingawa si dini yake, kwa sababu, anasema, chumba hiki kimelia vya kutosha.

Saa kumi alirudi kutoka kanisani, maana huku ibada yao ni Ijumaa, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Dancan alimkabidhi. Hakuna barua. Nimelifunua ukurasa kwa ukurasa, na kwenye tarehe 10 Januari, pembeni, ameandika kwa ile penseli yake bapa ya useremala. Neno moja.

*Nimejua.*

Hakuandika nimesamehe, wala sijasamehe. Nimelipeleka dirishani nione kama kuna kilichofutwa. Hakuna.

Caren anasema nimpigie sasa hivi, leo ndiyo siku ya kusameheana, kila mtu anapiga. Nimekataa. Amepata radhi ya baba. Radhi yake mwenyewe ni yake, aitoe siku atakayo au asiitoe. Kesho baada ya kazi nitakwenda kukaa kwenye lile benchi la getini, na Jumapili, na Jumapili nyingine. Sitamwita. Mzee Ibra alisema aliyepiga vibaya hasogei.

Sijasogea.